Mwaka Niliofanywa Mgeni

Nafula, niliyefunzwa naye kazi za hoteli zamani, alinipigia simu Jumamosi asubuhi nikiwa nakanda unga wa chapati, na sauti yake sikuitambua mpaka aliponiita Jenny. Hakuna mtu mwingine aliye hai anayeniita hivyo. Alikuwa amerudi Kenya, alisema, amerudi kabisa, amestaafu, na hataki kuona shuka jeupe tena maishani. Nilimwachia msichana wangu wa kazi hoteli, na ninaposema hoteli nina maana ile ya huku kwetu Gatongora: meza chache, chai, maharagwe, chapati, na televisheni iliyotundikwa juu isiguswe. Nikaenda kumkuta Kamakis, kwa wachoma nyama. Tuliketi penye moshi, nyama ikaletwa juu ya ubao ikakatwakatwa mbele yetu, na tukala kwa mikono bila kusema mengi, kwa sababu tulikuwa tunatazamana. Amenenepa. Nywele amezikata fupi na mvi hakuzificha. Nilimwuliza, katika nchi zote alizofanyia kazi, ni ipi iliyompendeza. Alitafuna kwanza. "Kusema ukweli, dada, sikuziona. Niliona vyumba." Akapangusa vidole. "Lakini wewe ndiye ulikaa ndani kuliko sisi wote. Mimi pale Thika sikumaliza hata nusu mwaka. Wewe ulivumilia aje?" Nilimsogezea nyama iliyobaki. Jibu nimekuwa nikilitafuta tangu siku hiyo, na haya ndiyo niliyoyapata.

Jina la Kampuni sitalitaja. Limeandikwa kwa herufi za dhahabu juu ya milango mingi duniani, na sisi tuliiita Kampuni tu. Wakati huo ilikuwa imeanza kujenga hoteli zake za kifahari Uarabuni na katika Afrika, moja baada ya nyingine, na ilihitaji watu walio tayari kabla rangi ya ukutani haijakauka. Kwa hiyo ilikodi godauni katika eneo la viwanda la Thika, karibu na kiwanda cha ngozi, na ndani yake ikajenga kipande cha hoteli. Kwa nje ungeona mabati yenye kutu na mlinzi kwenye kibanda. Ukipita mlango wa pili, unakanyaga zulia. Kulikuwa na mapokezi yenye meza ya mbao iliyopakwa rangi ikafanana na marumaru, korido yenye taa za ukutani, meza nne za kulia chakula, na vyumba viwili vya kulala vilivyo sawasawa kabisa na vile ambavyo mgeni angevikuta katika hoteli yoyote ya Kampuni. Bafu lilikuwa na beseni kubwa jeupe ambalo hakuna mtu aliyewahi kuoga ndani yake, na mabomba yaling'aa lakini hayakuwa yameunganishwa na maji. Nyuma ya mapazia mazito palikuwa na dirisha, na nje ya dirisha palikuwa na bahari. Ilikuwa picha kubwa iliyoangazwa kwa taa kutoka nyuma, bahari ya asubuhi, isiyobadilika. Siku ya kwanza tulipanga foleni kuitazama. Baada ya wiki chache nilikuwa nikiingia chumbani nafunga mapazia kabla sijafanya kitu kingine chochote.

Kila asubuhi tulisimama mbele ya mapokezi tukasimulia historia ya Kampuni. Mkufunzi wetu, Madam Grace, mwanamke mrefu wa huku huku kwetu aliyekuwa amefanya kazi katika hoteli za Kampuni ng'ambo mpaka Kikuyu chake kikawa na matuta, aliuliza kwa Kiingereza, "Tulianzaje?" Nasi tukajibu kwa pamoja. Tulianza na nyumba ndogo ya wasafiri kando ya reli, katika nchi ya milima na baridi huko Ulaya. Theluji ilifunga njia, treni ikakwama, na abiria wakalazimika kukaa kwa mzee mmoja na mkewe mpaka njia ifunguliwe. Mke alifua shuka kwa maji ya theluji iliyoyeyushwa jikoni. Mume alishika majina yao wote, akakumbuka nani anakunywa chai bila maziwa. Walipoondoka walisifu nyumba hiyo kila walikofika, na mwaka uliofuata watu wakaja bila kukwamishwa na chochote. Watoto wa yule mzee wakajenga hoteli ya pili ufukweni, ya matajiri wanaokimbia baridi. Vita vikaja, vikabomoa, wakaanza upya. Lakini aliyeifanya Kampuni kuwa ya dunia nzima alikuwa mjukuu. Yeye ndiye aliyegundua kwamba tajiri akishuka ndege katika mji asioujua hatafuti kitu kipya. Anatafuta kile alichokiacha jana. Akaamuru vyumba vyote vifanane, swichi ya taa iwe pale pale, mkono wa mgeni uikute bila kupapasa. Kuanzia hapo hawakuwa wakijenga hoteli nyingine, walikuwa wakiirudia ile ile: katika miji ya mafuta, visiwani, na sasa kwetu. Tulimaliza tukapiga makofi. Siku moja Nafula, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, aliniinamia sikioni akanong'ona kwa Kiswahili, lugha iliyokatazwa mle ndani, "Hao wa treni, kuna mtu aliwauliza kama wanataka kukaa?" Nilicheka mpaka Madam akaniita mbele.

Na kule kuitwa mbele ndiko kulikonitia matatani. Madam aliniambia, kama adhabu, niwe mgeni. Nikae kwenye kiti, niagize, nilalamike, wenzangu wanihudumie. Sijui ile sauti niliitoa wapi. Nilimsukumia Nafula glasi kwa kidole kimoja nikasema maji haya yana uvuguvugu, niliomba ya baridi, na tena yule kijana asinitazame ninapokula. Nafula aliinamisha kichwa, na aliponiomba radhi aliniomba kama mtu asiyenijua. Madam Grace akaenda kabatini akarudi na gauni la hariri la rangi ya samawati na viatu vya kisigino kirefu. Kuanzia juma hilo nilikuwa mgeni. Beji yangu ilikuwa imeandikwa Jenny kwa sababu Njeri, walisema, lingewashinda wageni. Sasa hata beji nilivuliwa, kwa kuwa mgeni havai beji. Wenzangu walijifunza kuhudumia. Mimi nilijifunza kuhudumiwa, kazi ambayo hakuna atakayekuandika. Waliniletea sahani zilizofunikwa kwa vifuniko vya fedha, nami nikakata nyama isiyokuwepo, nikasifu mchuzi, nikarudisha samaki. Saa saba tulienda upande wa nyuma, humo humo ndani ya godauni, tukala ugali na kabeji, mimi nikiwa na taulo kifuani nisilichafue gauni. Jioni basi la Kampuni lilituchukua mpaka nyumba ya kukodi huko Ruiru, wanane chumba kimoja, matron, mama mwangalizi wa nyumba, akafunga geti na kuuweka ufunguo kwenye mfuko wa aproni. Tulitoka kabla jua halijachomoza na kurudi likiwa limetua. Jua nililiona Jumapili, njiani kwenda kanisani huko huko Ruiru, tukiwa tumepangwa wawili wawili.

Kundi la kwanza lilitarajiwa kwenda mji mmoja wa Uarabuni, ambako hoteli mpya ilikuwa karibu kufunguliwa. Tuliambiwa sote tutakwenda. Wa nyumbani kwangu nitawaacha nje ya simulizi hii, lakini kanisa letu la Kamenu, hapo hapo Thika, siwezi kuliacha. Kina mama walinifanyia sherehe. Walipika pilau na mukimo wa viazi na mahindi, wakaninunulia sanduku la nguo, pasta akaniwekea mikono kichwani, na mama mmoja mzee akavua kitambaa chake mwenyewe cha kichwa na kunifunga nacho, akisema huko jangwani kuna vumbi. Nilirudi Ruiru nimebeba baraka za watu wengi kiasi kwamba nilitembea polepole. Jumatatu Madam alisoma majina. Nafula alikuwepo. Kioko, kijana aliyekuwa akifunzwa kubeba mizigo, hakuwepo kwa sababu alikuwa ameanza mafunzo juzi tu. Wengine wote walikuwepo. Mimi sikuwepo.

"Wewe utanisaidia na kundi linalokuja," Madam aliniambia mbele ya wote, na akatabasamu kama anayenipa zawadi. "Hoteli inayofuata ni yako."

Nafula alinikumbatia kwenye ngazi za basi. "Miezi michache tu," alisema. "Nitakushikia kitanda karibu na changu." Nami nikampungia mkono hadi basi likapinda kona, nimevaa hariri, nikinuka kiwanda cha ngozi.

Hebu msomaji aone mahali nilipokuwa. Kutoka getini mwa godauni hadi Kamenu ni matembezi ya mtu asiye na haraka. Ningeweza kuomba ruhusa niende Jumapili yoyote. Lakini nilikuwa nimeshaagwa. Watu walikuwa wamekula pilau yangu. Ningeingiaje kanisani, niketi benchi lile lile, wakati wananiombea huko ng'ambo? Kila juma nililokaa lilifanya la pili kuwa gumu zaidi. Nilipitia mjini ndani ya basi nikiwa nimeinamisha kichwa chini ya kiwango cha dirisha, na dereva aliwahi kuniuliza kama naumwa na tumbo. Ukutani kwenye mapokezi palikuwa na ramani ya dunia, na kila hoteli mpya ilipofunguliwa Madam alichomeka pini nyekundu, keki ikaletwa, tukapiga makofi. Kundi la pili lilikwenda kisiwani. La tatu lilikwenda Afrika Magharibi. Niliwafunza wote. Waliingia wakiniogopa, na walipoanza kunizoea walikuwa wanaondoka. Nilianza kulala vibaya na kuamka nikitafuta swichi ya taa ukutani Ruiru, mahali ilipokuwa katika chumba kile cha Thika. Siku nyingine nilijikuta nikimjibu matron kwa ile sauti ya mgeni, bila kukusudia, naye akanitazama kwa chuki ambayo nilistahili. Leo nikiwaona vijana wanaokuja kula kwangu Gatongora wakilalamika kwamba kazi imewakwamisha, simwambii mtu avumilie. Namwongezea chai na kumsikiliza.

Mchana mmoja nilikuwa bafuni mwa kile chumba cha kwanza, nimeketi ukingoni mwa beseni, nimevua viatu. Niliketi hapo mara nyingi kwa sababu mlango ulifungika. Nikasikia watu wakiingia chumbani na viti vikivutwa. Alikuwa Madam Grace pamoja na mkurugenzi aliyetoka makao makuu, mzungu mpole mwenye sauti ya chini, aliyekuja kila Kampuni ilipotaka kufungua mahali papya. Kuta zilikuwa za plaiwudi. Walizungumza juu ya hoteli ya Nairobi, ambayo ingekuwa kubwa kuliko zote katika Afrika, na jinsi familia ya mwanzilishi ingekuja yenyewe kuangalia mafunzo. Kisha yule bwana akauliza, "Na yule mgeni wako? Si aliahidiwa?"

"Anaahidiwa kila mara," Madam akajibu.

"Atachoka."

"Mabwana wa kubeba mizigo nawapata popote. Watandika vitanda nawapata popote. Mtu wa kuwatia hofu kama yule sitampata tena. Nikimpeleka yeye Nairobi, nitaanza upya na nani? Acha nimwambie tena, hoteli inayofuata."

Nilishika bomba kwa mikono miwili. Nilitaka kulifungua, maji yatiririke, wajue niko hapo. Lilizunguka na kuzunguka na hakuna kilichotoka. Ilibidi nikae mpaka wamalize kunywa kahawa yao na kutoka.

Nilimkabili Madam kesho yake, akiwa peke yake anapiga pasi vitambaa vya meza. Sikumwita Madam. Nilimwambia yale niliyoyasikia, kwa Kikuyu, na kwa mara ya kwanza mle ndani hakunikataza lugha.

"Unajua wanakwenda kufanya nini, hao unaowaonea wivu?" aliniuliza, bila kuacha kupiga pasi. "Wanakwenda kuosha vyoo. Wewe hapa unakaa, unaletewa."

"Ninaletewa sahani tupu."

Akaiweka pasi chini. Nilidhani atanipiga. "Na mimi je?" akasema. "Nimefungua hoteli za Kampuni hii katika nchi ambazo wewe hujazisikia. Wakaniambia, Grace, nenda nyumbani mwaka mmoja utufunzie watu, halafu utakuwa meneja. Huu ni wa ngapi? Ukiona mlango, Njeri, nionyeshe na mimi." Hakuwahi kuniita kwa jina langu kabla ya siku hiyo. Kisha akashika pasi tena, na tukabaki pale wawili, harufu ya kitambaa cha moto kati yetu.

Majuma machache baadaye gari la dobi lilichelewa, nikatumwa getini kulipokea. Nje ya uzio, kando ya barabara, mama mmoja alikuwa akiwauzia wafanyakazi wa viwandani chai na githeri ya mahindi na maharagwe kutoka kwenye ndoo. Aliinua kichwa. Alikuwa Mama Shiro wa kanisani kwetu, aliyeimba sauti ya pili nyuma yangu kwa miaka.

"Ngai!" alisema. "Si Njeri huyu? Si uko Uarabuni?"

Nilisimama pale katika gauni la samawati, na ile sauti iliyowatisha watu wa makundi matatu haikupatikana. Alisogea mpaka kwenye uzio. Akanitazama viatu, akatazama godauni, akatazama mlinzi.

"Wamekufunga?" aliuliza polepole.

"Hapana, Mama Shiro. Niko kazini."

"Kazi gani hii ya kuvaa arusi viwandani?"

Alinipitishia githeri kwenye kikombe cha plastiki kati ya nyaya, nikaila nimesimama, mbio mbio, machozi yakiingia kinywani pamoja na maharagwe. Nilimwomba asimwambie mtu. "Mimi nimwambie nani?" alisema. "Kula." Kuanzia siku hiyo alipita upande ule kila mara, na kila nilipopata nafasi ya kutoka getini alikuwepo. Hakuuliza tena. Alinipa habari za Kamenu: nani ameoa, nani amezaa, bomba la wapi limepasuka. Aliponipa habari hizo nilihisi kama maiti anayesomewa habari za walio hai.

Siku ya ziara ya familia ya mwanzilishi ilifika. Kitukuu wa mwanzilishi alikuja mwenyewe, kijana mtanashati mwenye haya, pamoja na mkurugenzi na watu wengine wa suti. Waliketi kwenye viti vilivyopangwa, na tukawaonyesha mafunzo kuanzia mwanzo: mgeni anafika, anapokelewa, anaonyeshwa chumba, anakula, analalamika, anaombwa radhi, anaridhika. Nilikuwa hodari siku hiyo kuliko siku zote. Yule kijana alicheka kwa furaha niliporudisha supu. Somo la mwisho lilikuwa kuondoka kwa mgeni. Nilikwenda mapokezi nikaweka ufunguo mezani. Msichana wa mapokezi akaniuliza, kama alivyofunzwa, kama nilipumzika vizuri na kama tutaonana tena.

Kwa kawaida ningejibu kwamba bila shaka, na ningetembea hadi utepe mweupe uliobandikwa sakafuni karibu na mlango, hapo somo lingeisha, nami ningegeuka. "Asante," nilimwambia. "Sitarudi." Wale wa suti walidhani ni sehemu ya igizo, mmoja wao hata aliandika kitu. Nilitembea. Kioko, aliyebakizwa kungoja hoteli ya Nairobi na sasa amehitimu kubeba mizigo, alinifuata na mabegi yake mawili matupu, kwa sababu alifunzwa asimwache mgeni mpaka mgeni aondoke. Nilipita utepe. Nikasukuma mlango wa kwanza, na wa pili. Jua la saa nane lilinipiga usoni nikayumba. "Jenny," Kioko alininong'oneza nyuma yangu, ametoa macho, "tunaenda wapi?" Nilimwambia aweke mabegi chini arudi ndani. Mlinzi aliona hariri, akaona mbeba mizigo, akasikia makofi yaliyokuwa yameanza kupigwa huko ndani, akafungua geti lote na kunipigia saluti. Niligeuka mara moja tu. Madam Grace alikuwa amesimama kwenye mlango wa mabati, mkono juu ya macho kujikinga na jua. Hakuniita. Miaka mingi baadaye nilisikia kwamba alifariki akiwa bado mkufunzi wa Kampuni, katika godauni jingine, mji mwingine, na nililia kuliko nilivyotarajia.

Viatu nilivivua penye lami na kuvishika mkononi. Nilitembea njia nzima nikipanga maneno. Nitawaambia visa ilichelewa. Nitawaambia niliugua. Kila uongo nilioujaribu uliniishia kabla sijafika kona iliyofuata, na nilipoingia uwanja wa kanisa sikuwa na hata mmoja. Kina mama walikuwa kivulini kando ya jiko, wanamenya viazi vya arusi ya kesho yake, masufuria makubwa yamepangwa. Mama Shiro alikuwa katikati yao, na hakuinua macho kutoka kwenye kiazi chake.

"Sikwenda," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, ya kwangu. "Sikwenda popote. Nilikuwa hapa hapa, viwandani."

"Tunajua," alisema yule mama mzee aliyenifunga kitambaa.

"Mnajua tangu lini?"

"Tangu Mama Shiro alipokuona. Ulidhani githeri yote ile alikuwa anaipika peke yake? Tulikuwa tunapokezana." Akanitazama kutoka miguuni hadi kichwani, gauni, vumbi, viatu mkononi. "Tukasema tusikuaibishe. Atatoka akiwa tayari."

Hakuna aliyecheka na hakuna aliyenipa pole. Mmoja wao alijisogeza kwenye benchi akaacha nafasi, mwingine akachovya kisu kwenye maji, akakikung'uta, akanipa mpini.

"Kaa basi," alisema. "Viazi ni vingi."